Kabla Hujaagiza Pampu: Vidokezo kwa Mwenye Gari Kuukuu

Gari lililotoka Japani miaka ya 1990 bado lina kazi kubwa hapa Kindu. Linawahisha wagonjwa, linabeba mchele na mawese, linapanda kivuko kwenda Alunguli na kurudi na watu wanane ndani. Siku likianza kukohoa kilimani, au kuzima katikati ya njia ya Kalima, neno la kwanza utakalosikia ni lile lile: pompe imekufa. Mwenye gari anatuma fedha Kisangani au Lubumbashi. Anasubiri pikipiki ipite Lubutu na Punia, au treni ifike kutoka Kongolo. Pampu inafika, inafungwa, na gari linazima palepale lilipozimia mwanzo.

Pampu nyingi nilizoletewa kama mbovu zilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni waya, relei, filta, au esanse yenyewe. Ndiyo maana kila kidokezo hapa chini kinadai kitu kimoja: pima kwanza, nunua baadaye. Vifaa ni vichache: multimita ya bei ndogo, geji ya presha ya mafuta inayofika bari 7, balbu ya breki iliyofungwa waya mbili, na chupa ya kioo isiyo na rangi. Ninazungumzia magari ya esanse tu. Mazuti (dizeli) ni somo lake peke yake.

1. Anza na kilichomo ndani ya tangi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aniwie radhi: petroli yake sisi tunaiita esanse, na hapa kwetu ukiomba petroli utapewa mafuta ya taa. Neno hilo lina gharama, kwa sababu mafuta ya taa ndiyo huchanganywa kwenye esanse pale bei inapopanda. Wengi wetu tunanunua kwa akina Kadhafi, yaani wauzaji wa kando ya njia, kwenye chupa na bidoni. Muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini bidoni lake limepita mikono mingi: leo lilibeba esanse, juzi mawese, na mvua ilinyesha likiwa wazi.

Mimina glasi moja ya esanse kwenye chupa ya kioo, ifunge, iache kivulini hadi asubuhi. Maji yakiwemo yatakaa chini, na utaona mpaka wake kama mstari. Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Esanse safi hukauka upesi na karatasi ikabaki nyeupe. Yenye mafuta ya taa huacha duara la mafuta lisilotaka kuondoka. Jaribio hili halina gharama yoyote, nami huwa nalifanya kabla ya kushika spana.

2. Ondoa moto karibu yako.

Gari la injekta huweka presha kwenye bomba hata injini ikiwa imezimwa. Ukilegeza nati bila kujiandaa, esanse inaruka machoni au juu ya bomba la moshi lililo moto. Chomoa kwanza soketi ya pampu au relei yake, washa injini, iache ijizimie yenyewe, kisha piga stata mara moja zaidi. Toa kosi (kiunganishi) ya hasi ya batri. Funika nati kwa kitambaa unapoilegeza. Weka ndoo ya mchanga au kizima moto mahali unapoweza kukifikia kwa mkono, na mwenye sigara asogee mbali. Na tafadhali, usinyonye esanse kwa mdomo kupitia mpira. Najua tumelelewa tukiona wakubwa wakifanya hivyo, lakini tone linaloingia kwenye mapafu linaweza kuua.

3. Jua mfumo wa gari lako.

Gari la kabureta linahitaji presha ndogo sana, karibu bari 0.2 hadi 0.3, na mara nyingi pampu yake husukumwa na injini yenyewe. Gari la injekta linataka bari 2 hadi 3 na zaidi kidogo, na pampu yake ya umeme imezama ndani ya tangi. Ukifunga pampu ya injekta kwenye kabureta, esanse itafurika hadi nje. Kuna pia aina ya tatu: ukiona maandishi ya D-4 kwenye kifuniko cha injini ya Toyota, au GDI kwenye Mitsubishi, usiguse bomba linaloingia kwenye injini. Humo presha inapita bari 50 na huweza kufika 100, inatosha kupenya ngozi.

4. Tazama lilivyozima.

Kabla ya kufungua boneti, muulize dereva maswali. Lilikatika ghafla, mshale wa mizunguko ukaanguka hadi sifuri kama taa iliyozimwa? Shuku umeme: koili, delko (kigawa cheche), suichi ya kontakti, relei kuu. Lilififia polepole, likavuta, likapumua, likavuta tena, hasa kwenye kilima au likiwa na mzigo? Shuku mafuta. Lilizima likiwa moto, kisha likakubali kuwaka baada ya dakika 20 za kupumzika? Hapo kuna washukiwa watatu: pampu iliyochoka, koili au igniteri inayokatika ikipata joto, na relei yenye risasi iliyopasuka ndani.

Kabla ya hao watatu, fungua kwanza kifuniko cha tangi. Ukisikia kinavuta hewa kwa nguvu na gari likakubali kwenda baada ya hapo, tundu la kupitishia hewa limeziba. Tangi lilikuwa linajinyonya, na hakuna pampu inayoweza kushindana na hali hiyo kwa muda mrefu.

5. Batri: namba za kukariri.

Batri iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikishuka chini ya 12.0 haina kitu. Unapopiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, altaneta inapaswa kuipandisha kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 altaneta hailishi, na ikipita 15 inaipika batri pamoja na kompyuta ya gari.

Hapa kwetu batri nyingi hutolewa jioni ili zichaji simu au ziwashe televisheni nyumbani, asubuhi zikarudishwa kwenye gari. Naelewa sababu, ila kila safari kosi zinafunguliwa na kufungwa, zinalegea, zinaota unga mweupe. Batri ya kuwashia haikuumbwa kutoa umeme mdogo mdogo hadi iishe, na kila ikiishiwa kabisa inapoteza sehemu ya uhai wake. Ukiweza, tafuta batri ya sola kwa kazi za nyumbani. Usipoweza, angalau safisha kosi kwa maji ya moto na msasa, kaza, kisha pima tena.

6. Masi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, ndiyo ugonjwa wa kwanza wa gari kuukuu.

Ningeruhusiwa kidokezo kimoja tu katika ukurasa huu, ningechagua hiki.

Mwaka jana mama mmoja wa Mikelenge, mfanyabiashara wa makayabu (samaki wa chumvi), alileta Carina yake ikivutwa kwa kamba. “Fundi,” aliniambia, “pompe ya pili hii, na mutuka ingali inalala mu njia.” Gari lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi, lakini likipewa mzigo linakosa pumzi.

Sikufungua tangi. Nilipima kwenye batri: volti 12.4. Nikainua kiti cha nyuma, nikaichomeka mita kwenye soketi ya pampu huku pampu ikizunguka: volti 9.3. Volti 3.1 zilikuwa zimepotea njiani. Zimepotelea wapi? Niliweka ncha moja ya mita kwenye waya wa masi wa pampu na nyingine kwenye hasi ya batri, kwa kuunganisha waya mrefu kutoka mbele. Mita ikasoma 2.6. Kwenye masi nzuri haizidi 0.2. Kwa hiyo karibu upotevu wote ulikuwa kwenye masi.

Tukafuata waya hadi chini ya zulia la buti. Pale ndipo magunia ya makayabu hukaa, na maji ya chumvi yalikuwa yamechuruzika hadi kwenye boliti inayoshika masi kwenye bodi. Boliti ilikuwa imegeuka uvimbe wa kutu ya kijani na kahawia, waya umebaki nyuzi tatu au nne. Kijana wangu aliikwangua hadi chuma kikang'aa, tukaweka kosi mpya ya duara, tukaikaza, tukaipaka grisi juu. Soketi ya pampu ikakaribia volti 12. Pampu ya kwanza kabisa, ile iliyokuja na gari, mama alikuwa bado anayo ndani ya mfuko wa plastiki. Tuliirudisha, na ndiyo inayofanya kazi hadi leo.

Pampu ya umeme ni mota. Ukiipa volti 9 badala ya 12 itazunguka, utaisikia ikilia, nawe utasema ni nzima. Lakini inazunguka polepole, na kilimani injini inapodai mafuta mengi, haiwezi kuyaleta. Ndiyo maana kupima volti lazima kufanyike pampu ikiwa kazini. Ukichomoa soketi na kupima waya tupu, mita itakuonyesha 12 hata kama umebaki uzi mmoja. Mwenye balbu ya breki aitumie hapo: iunganishe mahali pa pampu. Ikiwaka hafifu na nyekundu, njia ina kasoro, hata kama mita inasema volti zimetimia.

7. Sikiliza pampu, lakini usidanganywe na ukimya.

Wengi wamefundishwa kuwa ukiwasha kontakti bila kupiga stata, pampu lazima ilie kwa sekunde mbili. Ni kweli kwa magari mengi, ila Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 haziko hivyo. Ndani yake relei ya pampu hufunga tu wakati stata inapiga au injini inapozunguka. Fundi asiyejua hili husikia kimya, akaihukumu pampu nzima kuwa imekufa.

Kwenye Toyota hizo fungua kile kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha tundu la +B na la Fp kwa kipande cha waya, kisha washa kontakti bila kuwasha injini. Pampu sasa italia mfululizo. Bana kwa vidole mpira wa mafuta yanayorudi kwenye tangi: utahisi mkondo ukipita kama mshipa. Pampu ikilia kwa njia hii na isilie unapopiga stata, acha tangi lilivyo. Kosa liko kwenye relei au kwenye amri inayoifikia.

8. Geji ikishafungwa, iache iseme yote.

Kwa Corolla na Carina nyingi za injekta za miaka ya 1990, injini ikiwa imetulia, tarajia bari 2.1 hadi 2.6. Chomoa mpira mwembamba wa hewa ulio juu ya regyuleta, uzibe kwa kidole: presha ipande hadi kati ya 2.6 na 3.0. Ikipanda hivyo, regyuleta inafanya kazi yake. Ukichomoa mpira huo ukakuta esanse ndani yake, ngozi ya regyuleta imetoboka, na hapo ndipo ule moshi mweusi na ulaji wa mafuta unapotoka. Magari ya baadaye, kama yale ya VVT-i yasiyo na bomba la kurudisha, hukaa karibu bari 3.0 hadi 3.4 na hayana mpira huo.

Presha ikiwa ndogo, bana kidogo mpira wa kurudishia mafuta kwa koleo lililofungwa kitambaa, kwa sekunde chache tu. Presha ikiruka juu, pampu ina nguvu na kosa ni la regyuleta. Isiporuka, badilisha filta, pima volti kama nilivyoeleza, na hapo tu ndipo uanze kuishuku pampu. Kisha zima injini na utazame saa. Baada ya dakika 5 presha isiwe chini ya bari 1.5. Ikiporomoka mara moja, kuna injekta inayovuja, regyuleta isiyofunga, au vali ya pampu iliyochoka. Gari la namna hiyo ndilo linalokulazimisha kupiga stata mara tatu kila asubuhi.

Kuna kipimo kimoja ambacho geji haikionyeshi, nacho ni wingi. Elekeza mpira wa kurudishia kwenye chupa, endesha pampu kwa sekunde 30. Kwa injini ndogo nyingi unataka kuona karibu nusu lita. Presha nzuri yenye mafuta machache ni dalili ya filta iliyoziba, au ya kile kichujio cha kitambaa kilicho chini ya pampu kilichojaa matope.

9. Fyuzi ikiungua, imekuambia jambo.

Usiibadilishe kwa msumari, wala kwa karatasi ya sigara, wala kwa fyuzi ya ampea 30 mahali pa 15. Fyuzi inayoungua tena na tena inasema kuna waya unaogusa bodi au mota inayokaba. Ukiinyamazisha, kitakachofuata kuungua ni waya wenyewe, chini ya zulia, karibu na tangi. Fuata waya za kuunga: alamu, redio, taa za ziada zilizochukua umeme kwenye waya wa pampu na kufungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Mafundi wenzangu, hizo tunazifunga sisi. Tuzifunge vizuri, kwa kosi na utepe wa umeme.

10. Relei: ibadilishe na jirani yake.

Kwenye sanduku la relei mara nyingi kuna mbili zinazofanana kabisa, moja ya honi na moja ya kazi nyingine. Hakikisha namba na miguu vinalingana, kisha zibadilishe nafasi. Tatizo likihama, umelipata.

11. Msimu wa mvua, fanya kazi ya usiku.

Gari linalogoma asubuhi yenye unyevu na kukubali saa sita mchana lina cheche zinazovuja. Egesha mahali penye giza, washa injini, fungua boneti. Chukua chupa ya kunyunyizia maji, nyunyiza ukungu mwepesi juu ya waya za buji na kifuniko cha delko. Waya uliopasuka utauona: nyuzi za bluu zinacheza kutoka kwenye mpira hadi kwenye chuma, na injini inaanza kuchechemea. Usiguse chochote wakati huo, maana umeme wa buji hupita volti 10,000. Fungua pia kifuniko cha delko ukitazame kwa ndani kwa tochi. Mstari mwembamba mweusi kama mguu wa buibui unatosha kulaza gari zima.

12. Taa ya injini inazungumza hata bila kompyuta.

Si lazima ungoje mtu mwenye mashine ya kusoma makosa, na mashine nyingi hazina pa kuchomeka kwenye Toyota za Japani za mwanzo wa miaka ya 1990. Katika kisanduku kile kile, unganisha TE1 na E1, washa kontakti, uhesabu mimweko ya taa. Mimweko miwili, kituo, kisha miwili, ni kosa namba 22: kipima joto cha maji. Kipima joto kikisema uongo kwamba injini ina baridi, kompyuta inamwaga esanse kupita kiasi, nawe unaweza kuhangaika na presha wiki nzima. Taa ikimweka mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa.

13. Usiendeshe kwa lita tatu.

Najua mfuko unavyobana. Lakini pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na esanse inayopita ndani yake na kuizunguka, na maji na mchanga vyote hukaa chini. Anayeendesha siku zote kwa chupa mbili anaipika pampu yake huku akiilisha matope. Robo ya tangi iwe ndiyo sifuri yako, na filta ibadilishwe mapema kuliko kitabu cha Japani kinavyosema, kwa kuwa kitabu hicho hakikuandikwa kwa bidoni zetu.

14. Dai namba.

Ukimpelekea fundi gari, usikubali jibu la “pompe imekufa” peke yake. Mwombe kwa heshima akuandikie vitu vinne kwenye karatasi: volti za batri, volti kwenye soketi ya pampu ikiwa inazunguka, presha injini ikiwa imetulia, na presha baada ya dakika 5. Fundi mzuri atafurahi kuulizwa. Karatasi hiyo iweke kwenye gari, na usitume fedha za pampu hadi namba hizo nne ziwe zimeandikwa.